Almasi ya yai yenye kiza katikati: ni kosa la mchongo au ni tabia ya umbo lenyewe?

Mwana_wa_Kampemba
Jambo yenu wote. Ninatafuta pete ya uchumba kabla ya siku ya kupeleka mahari, na kuna jiwe moja linaloninyima usingizi. Katika duka moja la katikati ya mji hapa Lubumbashi nilionyeshwa almasi mbili ambazo bado hazijafungwa kwenye pete. Moja ni ya umbo la yai, ina kareti 1.02, nyingine ni ya duara, ina kareti 0.90. Karatasi zao za maabara zinasema rangi ni G, yaani karibu hakuna rangi, na usafi ni VS2, yaani dosari ni ndogo sana, kwa zote mbili, na bei zimekaribiana sana.

Chini ya taa za duka zote mbili ziliwaka kama makaa yanayopulizwa. Kisha umeme ukakatika. Kabla ya jenereta kuwashwa, muuzaji alinikaribisha barazani, na hapo kivulini lile la yai lilionyesha mkanda wa kiza uliokata upana wake, mnene pembeni na mwembamba katikati, mfano wa tai ya kipepeo ambayo wazee huvaa harusini. La duara liliendelea kumetameta. Muuzaji alisema kwamba kila almasi ya yai iko hivyo, na akanionyesha karatasi ambayo imeandika daraja la juu kabisa mara mbili.

Mchumba wangu anapenda yai. Mimi nashikilia kwamba umbo ni suala la kupenda tu, bali mchongo ndio jiwe lenyewe. Je, kiza kile kinatokana na umbo au na mkono wa aliyechonga?

Kijana_Ruashi
Chukua lenye kareti nyingi. Dhahabu ya kareti 24 inaishinda ya kareti 18, kwa hiyo almasi ya 1.02 lazima iwe na ubora kuliko ya 0.90.

Mtoto_wa_Bakwanga
Mdogo wangu wa Ruashi, hapo umechanganya vitu viwili vinavyotumia jina moja. Kareti ya dhahabu inapima usafi wa madini, yaani ni sehemu ngapi kati ya 24 zilizo dhahabu halisi. Kareti ya almasi ni uzito tu, gramu 0.2, na haisemi lolote kuhusu uzuri. Jiwe la kareti mbili linaweza kuwa limekufa, na la nusu kareti likawa linawaka.

Nimekulia Mbuji-Mayi, mji wa almasi ulioitwa Bakwanga zamani, baba yangu akiwa mnunuzi mdogo aliyekaa na mizani mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, na jambo alilonifundisha mapema ni kuogopa namba inayovuka mpaka kidogo tu. Bei ya kila kareti hupanda ghafla jiwe linapofika 1.00. Mchongaji anajua hilo. Akiona kwamba akichonga vizuri atabaki na 0.94, atashawishika kuacha unene tumboni au kwenye mshipi, yaani ukingo unaolizunguka jiwe, ili mizani isome 1.02, na mteja atalipia uzito ambao jicho halitauona kamwe. Ndiyo sababu naishuku hiyo 1.02 yako: nadhani ina kina kupita kiasi. Tuletee urefu, upana na kina kutoka kwenye karatasi, kisha tuzungumze.

Mwalimu_Kasapa
Ninafundisha fizikia, kwa hiyo naomba niingie kupitia mlango wa mwanga.

Almasi hupinda mwanga kwa nguvu kuliko karibu kila jiwe tunalolijua. Kipimo chake ni 2.42, ilhali kioo cha dirisha kiko karibu na 1.5. Matokeo yake ni kwamba mwale ulioingia ndani, ukigonga ukuta kwa pembe inayozidi takriban nyuzi 24.4 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani kama umegonga kioo cha kujitazamia. Kwa kioo cha kawaida pembe hiyo ni karibu nyuzi 42, na kwa hiyo mwanga mwingi huvuja kwa chini. Kazi yote ya mchongaji ni kupanga nyuso za kitako, yaani ile sehemu ya chini iliyochongoka, ili mwale ushuke kupitia meza, yaani ule uso bapa wa juu, ugonge upande mmoja, uvuke hadi wa pili, kisha upande tena na kutokea juu, machoni pa mtazamaji.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wachongaji wa Antwerp, alikokotoa pembe za almasi ya duara: kitako nyuzi 40.75, taji (sehemu iliyo juu ya mshipi) nyuzi 34.5, na meza asilimia 53 ya upana. Wachongaji wa leo hawafuati namba hizo neno kwa neno, lakini hawaendi mbali nazo. Kitako kikiwa bapa mno, utaona pete ya kijivu ndani ya meza, nayo ni kivuli cha mshipi, na jiwe linafanana na jicho la samaki. Kikiwa na kina mno, katikati huwa cheusi kama kichwa cha msumari.

Ile tai ya kipepeo, hata hivyo, ina asili nyingine. Nyuso fulani katikati ya jiwe refu husimama kwa namna ambayo haziakisi mbingu wala taa. Zinaakisi kichwa chako wewe unayeinama kutazama. Kiza unachokiona ni kivuli chako mwenyewe. Nyoosha mkono, liweke jiwe mbali na uso, kisha uliinamishe polepole. Kiza kikihama na kulegea, ni kichwa chako. Kisipohama, basi mwanga unavuja kwa chini, na hilo ni kosa la pembe.

Fundi_Malakiti
Mimi nang'arisha malakiti, siyo almasi, na nakiri kwamba tofauti ni kubwa. Malakiti haipenyezi mwanga. Uzuri wake wote uko juu ya ngozi, katika ile mistari ya kijani, na ni jiwe laini ambalo kisu hulikwaruza. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa almasi husahau kuliuliza: jiwe lilikuwa safi?

Almasi inapenda mafuta. Haishiki maji, bali mafuta inayashika mara moja, na migodini walitumia tabia hiyohiyo kuitenga: changarawe iliyolowa ilipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakateremka na maji, almasi zikabaki zimenasa. Sasa fikiria jiwe lililoshikwa na wateja kumi kwa siku. Mafuta ya vidole yakikaa kwenye kitako, ule ukuta wa kioo aliousema Mwalimu hudhoofika, na mwanga hutorokea hapo. Kabla ya kumlaumu mchongaji, omba lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Mama_Golf
Mwanangu wa Kampemba, umetuletea namba za jiwe kwa ukamilifu, ila kidole kitakachoivaa pete hiyo hujatueleza. Ni kirefu au kifupi? Umbo la yai likilazwa kufuata urefu wa kidole, hukifanya kionekane kirefu zaidi, na huenda binti ameliona hilo tangu zamani.

Ninasema pia kwa sababu ya yaliyonipata. Pete yangu ya ndoa ilikuwa na almasi ya mraba, ile yenye pembe nne kali. Nilifua nayo, nikapika nayo, na siku moja iligonga ukingo wa sinki la saruji. Kona ikaruka. Nililia kwa siku mbili, kwa maana nilikuwa nimeambiwa kwamba almasi haivunjiki. Fundi alinieleza baadaye kwamba hakuna jiwe jingine lililo gumu kiasi cha kuikwaruza almasi, lakini ina njia zake za kupasuka, na ncha kali ndizo zinazoumia kwanza. Umbo linaamua pia jinsi jiwe litakavyoishi mkononi mwa mwanamke anayefanya kazi. Usiseme kwamba ni suala la kupenda tu.

Mwana_wa_Kampemba
Aksanti Mama, na wengine wote. Kidole chake ni kifupi kidogo, na sikuwa nimelifikiria jambo hilo.

Nimerudi dukani kunakili vipimo. La yai: urefu milimita 8.0, upana 5.7, kina 3.5. La duara: kipenyo milimita 6.2, kina 3.84. Kwenye karatasi ya yai, daraja la juu limeandikwa mbele ya maneno mawili: ung'arishaji na ulinganifu. Kwenye ya duara kuna mstari wa tatu, nao ni mchongo.

Yaya_Nyota_Bukavu
Hapo ndipo muuzaji alipokupoteza, ama kwa kujua ama kwa kutojua. Ung'arishaji unasema kama nyuso za jiwe ni laini na hazina mikwaruzo ya gurudumu. Ulinganifu unasema kama upande wa kushoto unafanana na wa kulia. Yote mawili yanaweza kuwa bora kabisa juu ya jiwe ambalo pembe zake zinavujisha mwanga, kwa sababu mtu anaweza kuchonga kosa kwa usawa pande zote na kuling'arisha vizuri.

Maabara ya GIA ya Marekani ilianza mwaka 2006 kuandika daraja la mchongo kwa almasi za duara zenye mchongo wa kawaida wa kumetameta, kwa ngazi tano. Karatasi uliyoisoma ya yai haina mstari huo, kwa hiyo hakuna aliyekuhakikishia mchongo wake. Kwa maumbo ya yai, machozi, mashua na mto wa kulalia, jicho lako ndilo karatasi.

Mtoto_wa_Bakwanga
Vipimo vimefika, nami naondoa shaka yangu ya kwanza. Kina 3.5 kugawanya kwa upana 5.7 ni asilimia 61.4. Huo ni wastani mzuri, halijafichwa tumbo. Tena nimepiga hesabu ya uso unaoonekana kutoka juu: yai lina takriban milimita za mraba 35.8, duara lina 30.2. Yai linamzidi mwenzake kwa asilimia 13 hivi kwenye mizani, lakini machoni linamzidi kwa karibu asilimia 19. Aliyechonga hakuiba.

Hata hivyo sikubali kwamba kiza ni kichwa cha mtazamaji peke yake. Turudi kwenye jiwe ghafi, kwa maana umbo huamuliwa huko kabla ya fundi kuwasha gurudumu. Jiwe likitoka ardhini likiwa na umbo la piramidi mbili zilizogusana kwa misingi, mchongaji anaweza kulikata na kupata duara mbili au mraba mbili. Kwa duara, nusu ya uzito au zaidi huwa vumbi. Likitoka refu au limepinda, kulilazimisha liwe duara ni hasara kubwa, kwa hiyo linakuwa yai, machozi au mashua. Kila yai ni mapatano kati ya mwanga na mizani, na kiza kile katikati ni mahali ambapo mizani ilishinda.

Mfano mkubwa tunao wenyewe. Katika miaka ya 1980 huko Mbuji-Mayi liliokotwa kwenye kifusi cha mawe yaliyotupwa jiwe la kareti 890, la rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Baada ya kuchongwa lilibaki na kareti 407.48, nalo likaitwa Lisilo na Mfano. Siyo duara, siyo yai. Ni umbo la ajabu la pembe tatu, kwa sababu wachongaji walifuata jiwe lilikotaka kwenda. Baba alikuwa akilitaja kila alipoona mtu anadharau kifusi.

Mwalimu_Kasapa
Yaya wa Bukavu amesema kweli kuhusu karatasi. Ndugu wa Bakwanga, hesabu yako ya kina ni sahihi lakini haitoshi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha swali.

Asilimia ya kina inajumlisha taji, mshipi na kitako pamoja. Haikuambii pembe yoyote. Tuchukue kitako peke yake, tukikikadiria kuwa na kina cha milimita 2.4. Kutoka ncha ya chini hadi ukingo wa upana, kwa mlalo, ni milimita 2.85, na pembe yake inakuwa karibu nyuzi 40, ambayo Tolkowsky asingeikataa. Lakini kutoka ncha hiyohiyo hadi ukingo wa urefu ni milimita 4.0, na pembe inashuka hadi karibu nyuzi 31. Ni jiwe moja lenye pembe mbili, na zote zinapita kwenye ncha moja. Duara halina tatizo hilo, kwa sababu ukingo wake uko mbali sawasawa kila upande. Kwa hiyo kila yai lazima liwe na mahali ambapo mwanga unakwenda kombo. Kinachotofautisha fundi na fundi ni jinsi alivyozigawa nyuso ndogo za kati, ili kiza kisambae kuwa vipande vidogo vinavyocheza badala ya mkanda mmoja uliolala.

Umbo linaleta deni, na mchongo unaamua litalipwa vipi.

Kijana_Ruashi
Nimejifunza kuhusu kareti, aksanti Papa. Nina maswali mawili. Je, huyo Tolkowsky ndiye aliyevumbua almasi ya duara? Na je, haiwezekani kwamba jua letu la Lubumbashi, sisi tuliopanda juu zaidi ya mita 1,000 kutoka baharini, ndilo lililofanya jiwe lififie? Nimesikia kuna almasi zinazotoa mwanga wa buluu zikipigwa na miale isiyoonekana.

Yaya_Nyota_Bukavu
Hakuvumbua. Almasi za duara zilikuwepo kabla yake. Henry Morse wa Boston, katika karne ya 19, alikwisha kuchonga kwa kutafuta uzuri kuliko uzito. Tolkowsky aliandika hesabu yake na sababu zake, ndiyo maana jina lake limebaki.

Kuhusu mwanga wa buluu: zipo almasi za namna hiyo, na chache zenye mwanga mkali sana huonekana kama zimemwagiwa maziwa zinapokuwa juani. Lakini ukungu wa namna hiyo hutanda jiwe zima, hauchori mkanda. Isitoshe, mwenzetu alitazama kivulini.

Kijana_Ruashi
Kivuli cha baraza hakizuii miale yote, Yaya. Aangalie mstari wa mwanga huo kwenye karatasi kabla hatujaufuta.

Fundi_Malakiti
Na bado hakuna aliyejibu kama lilioshwa.

Mama_Golf
Aende naye binti. Ninyi sita mnapima jiwe ambalo hamtalivaa.

Mwana_wa_Kampemba
Tulikwenda jana, sisi wawili. Nawaeleza yote kwa utaratibu.

Kwanza niliomba lile yai la 1.02 lioshwe. Muuzaji alikubali bila kinyongo, akalikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Fundi, ulikuwa na haki kwa sehemu: kingo zake ziliamka, na mkanda ukapungua kidogo, lakini haukuondoka. Mstari wa mwanga wa buluu kwenye karatasi unasema ni hafifu. Kisha tulitoka barazani, na mchumba wangu akalishika kwa koleo, mkono umenyooka, kama Mwalimu alivyoagiza. Kiza kilihama upande mmoja. Upande wa pili kilikaa palepale.

Muuzaji alipoona hatuna haraka alitoa yai jingine ambalo siku ile hakunionyesha: kareti 0.96, urefu milimita 7.6, upana 5.7, kina 3.5, rangi na usafi uleule. Yaani upana ni ule ule na kina ni kile kile cha jiwe la kwanza, asilimia 61.4 bila kupungua wala kuzidi. Hili lilikuwa na kiza chembamba kilichokatikakatika, na kila mkono ulipotikisika kidogo kilibadilika kuwa cheche. Tuliyaweka yote mawili juu ya karatasi nyeupe, na hata mlinzi wa mlangoni, aliyekuja kutazama, alinyooshea kidole hilo dogo. Bei yake pia iko chini, kwa kuwa halijafika kareti moja. Mchumba wangu amelichagua.

Lakini sasa swali langu limekuwa gumu zaidi. Mawe mawili yana upana mmoja na kina kimoja, moja lina mkanda na jingine halina. Nini kimewatofautisha?

Mtoto_wa_Bakwanga
Urefu. La kwanza ni mara 1.40 ya upana wake, la pili ni 1.33. Yai likirefuka, deni la Mwalimu linaongezeka. Na tazama namba zilivyokaa: mwenye lile la kwanza alirefusha ili afike 1.02, wa pili aliridhika na 0.96.

Mwalimu_Kasapa
Urefu unachangia, lakini milimita 0.4 inabadilisha pembe ya mwisho kwa nyuzi 1.3 tu, kutoka takriban 31 hadi 32.3. Siamini kwamba hiyo peke yake inafuta mkanda mzima. Naelekea kwenye mgawanyo wa nyuso za kitako: huenda mmoja ana nyuso kuu nane na mwingine sita au nne, au nyuso za nusu, zile zinazogusa mshipi, zimerefushwa. Ukigeuza jiwe chini juu, utazihesabu kwa lupu, yaani kioo cha kukuza, ya mara kumi.

Yaya_Nyota_Bukavu
Naongeza taji. Kina cha jumla kikiwa kimoja, jiwe moja linaweza kuwa na taji refu na kitako kifupi, na jingine kinyume chake. Bila kutenganisha hizo mbili, hesabu ya Mwalimu ya milimita 2.4 inabaki kuwa makadirio.

Fundi_Malakiti
Na hilo la pili lilikuwa ndani ya kasha, halijashikwa na wateja. Muulize kama la kwanza lilioshwa hadi kwenye mshipi, kwa maana hapo ndipo grisi hujificha.

Mama_Golf
Mwanangu, hongera kwa binti. Sasa niambie: litashikwa kwa kucha nne za pete au sita? Omba sita, na zisiwe nyembamba.

Mwana_wa_Kampemba
Sita, Mama. Fundi anaanza Jumatatu. Nitakwenda na lupu kuhesabu nyuso za mawe yote mawili kabla hajalifunga, kisha nitaleta namba hapa.